Mkono Unapomtangulia Mwenyewe

Mwezi wa Mei 1989, chini ya majabali ya chokaa ya Buoux, kusini mwa Ufaransa, mwanamke mmoja alijiandaa kukwea njia ambayo kwake haikuwa kitu. Lynn Hill, Mmarekani, alikuwa wakati huo miongoni mwa wakwezi wa miamba hodari kabisa duniani, na njia ile ilikuwa ya kuupasha mwili moto tu kabla ya kazi ya siku. Alipitisha ncha ya kamba katika mshipi uliomshika kiuno na mapaja, kama alivyokwisha kufanya mara elfu na elfu. Kilichobakia kilikuwa kulifunga fundo. Kabla hajalifunga alikatizwa: mazungumzo mafupi na mkwezi mwenzake, kisha viatu vya kuvaa. Jaketi likaifunika kamba. Akakwea mpaka mwisho wa njia bila ya kuteleza, akajilaza nyuma ili kamba imchukue na mwenzake wa chini amteremshe. Kamba ikachomoka mshipini. Alianguka zaidi ya mita 20, akapita katikati ya matawi ya mti, akaifikia ardhi. Alizimia; kiwiko cha kushoto kilitenguka na mfupa mmoja wa mguu wa kulia ukavunjika. Lakini aliishi, na kisa hiki amekisimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2002.

Jambo la kustaajabisha katika kisa hiki ni kwamba hakuna kiungo kilichokosea. Vidole vilishika palipostahiki kushikwa, nyayo zilikaa mahali pake, pumzi haikupotea. Ustadi wote uliojengwa kwa miaka mingi ulifanya kazi yake barabara, ukampandisha mwenye nao hadi pale ambapo kukosekana kwa fundo kungeweza kumuua. Lau angekuwa mwanafunzi wa wiki ya pili, angelitazama fundo lile kwa hofu, angeliuliza, angelifungua na kulifunga tena. Mazoea ndiyo yaliyomwezesha, na mazoea hayo hayo ndiyo yaliyomsahaulisha. Hapa ndipo panapozuka suala ambalo wanafalsafa wamelizunguka kwa karne nyingi: tendo lifanywalo bila ya kufikiriwa ni la nani? Na mtu akilitenda jema kwa sababu tu mkono umelizoea, je, anastahiki sifa yake?

Katika visiwa, neno mkwezi humleta akilini mtu wa mnazi kabla ya mtu wa jabali. Asiyemwona kwa karibu hudhani kwamba kazi yake ni nguvu. Anayemwangalia huona jingine. Kamba fupi i katika miguu, mwili unajikunja na kujinyoosha, na huku chini mtu anamuuliza habari za harusi ya jana, naye anajibu bila ya kukata pumzi. Miguu inapanda peke yake. Akili yake imekwishafika juu kwenye makuti, inachagua lipi dafu na lipi nazi, na lipi kuti lililokauka ambalo si la kushikwa. Hakuzaliwa hivyo. Alipokuwa mtoto alijaribu mnazi mfupi, akachubuka kifua, akateremka kwa aibu, akarudi tena kesho yake.

Mkwezi wa miamba hupita njia iyo hiyo, ila yeye ameifanya kuwa elimu ya makusudi. Anayeanza hukwea kwa mikono, kwa kuwa hofu hukaa mikononi. Huining'iniza mizigo yote ya mwili kwenye vidole, na baada ya dakika chache mikono imevimba, haifumbiki wala haifumbuki. Mwalimu humrudisha chini, akamwambia akwee kwa miguu. Ncha ya kiatu iwekwe mahali pake mara moja, bila ya kupapasa wala kugonga, na jicho lisiondoke mguuni mpaka mguu utulie. Kuna zoezi ambalo mwanafunzi hutakiwa kukwea bila ya nyayo zake kutoa sauti hata moja. Linaonekana mchezo wa watoto, na wengi huliacha wakitafuta njia ngumu za kujisifia. Linalofunzwa na zoezi lile ni jambo zito: mguu unaogonga ni mguu uliotupwa kabla ya kujua unakokwenda. Mikono nayo hufunzwa kunyooka, ili mzigo ubebwe na mifupa badala ya misuli. Kiuno hufunzwa kukaribia mwamba. Yote haya hurudiwa kwenye njia nyepesi, na hurudiwa mtu akiwa hajachoka, kwa sababu mwili haujui lipi lilikusudiwa. Unajua lipi lililotendwa. Anayerudia kosa mara mia kwa sababu ya uchovu atakuwa amelihifadhi kosa.

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Paul Fitts na Michael Posner, waliandika mwaka 1967 kwamba ujuzi wa mwili hupita katika daraja tatu. Kwanza mtu hufikiri kila hatua. Kisha hatua huanza kuungana na makosa kupungua. Mwisho tendo hujiendesha lenyewe, na akili ikabaki huru kwa mambo mengine. Daraja hiyo ya mwisho huonekana waziwazi katika mashindano ya kukwea kwa kasi. Ukuta wake una kimo cha mita 15, na vishikio vyake vimepangwa kwa namna moja duniani kote, hata anayefanya mazoezi Jakarta na anayefanya Paris wanakwea ukuta ule ule. Tarehe 8 Agosti 2024, katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, Veddriq Leonardo wa Indonesia aliumaliza kwa sekunde 4.75 akatwaa dhahabu. Mpinzani wake wa China alichelewa kwa sekunde 0.02. Katika muda huo hapana nafasi ya kufikiri. Fikra ikija, huja imechelewa, na aliyeteleza huwa amekwishashindwa kabla ya kujua kwamba ameteleza. Inapendeza kutazama, lakini kwa suala lililo mbele yetu haifundishi mengi, kwa kuwa ukuta ule haumshtui mtu. Ni kama mtoto wa chuoni anayesoma kwa moyo sura aliyoihifadhi: ajabu yake ni kuu, ila hajaulizwa maana.

Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, aliliona jambo hili mapema. Alifundisha kwamba tabia njema haimwingii mtu kwa kusikia bali kwa kutenda, kama vile mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Lakini aliongeza neno ambalo wengi hulisahau: ni kwa kupiga kinubi huko huko ndiko wanakopatikana wapigaji wabaya. Mazoezi hayana upendeleo.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliipeleka hoja mbele zaidi. Katika Ihyaa Ulumiddin aliieleza tabia kuwa ni hali iliyokita mizizi katika nafsi, ambayo matendo hutoka kwayo kwa wepesi, pasipo haja ya kufikiri wala kupima. Anayetoa sadaka kwa kujilazimisha, huku mkono ukitetemeka, bado hajawa karimu kwa maana kamili. Karimu ni yule ambaye mkono wake umekwishatoa. Na alipotaka kuonyesha njia ya kulifikia hilo alitoa mfano wa mwandishi wa hati nzuri: atakaye kuwa stadi wa khati hana budi kufanya kwa mkono wake yale yafanywayo na stadi, kwa kuiga na kujikalifu, mpaka kile alichojikalifisha kiwe ndiyo tabia ya mkono. Mkwezi wa Buoux na mwandishi wa khati wangelielewana bila ya mkalimani.

Palikuwako na aliyekataa. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha elimu ya binadamu kilichochapishwa mwaka 1798, aliyatilia shaka mazoea yote. Kwake yeye wema uliogeuka mazoea umepoteza uhuru wake. Mtu hulitenda jambo kwa kuwa jana alilitenda, kama gurudumu linalofuata mkondo wake. Wema, kwa maoni yake, hauna budi kuzaliwa upya kila mara kutoka katika nia. Ni hoja nzito, na mwenye kuidharau na amkumbuke Lynn Hill akipanda na kamba isiyofungwa. Mkono wake ulitenda kwa kuwa jana ulitenda. Hata hivyo Kant, ambaye hapana anayesimulia kwamba alipata kuning'inia mahali popote, hakusema ni nani angefika juu ya jabali ikiwa kila wayo ungesubiri nia mpya.

Tena Ghazali mwenyewe haachi mambo yakae kwa urahisi hivyo. Katika kitabu kile kile kinachosifu tendo litokalo bila ya kufikiri, upo mlango wa siri za sala, na humo anadai hudhurio la moyo: ulimi usitamke ilhali moyo umo dukani unahesabu gunia. Kila aliyekulia pwani anaijua sala ya namna hiyo, ambayo mtu hushtukia anatoa salamu asijue rakaa zilipitaje. Basi inakuwaje mwanachuoni mmoja asifu wepesi usiohitaji fikra, kisha alaumu wepesi uliokosa moyo? Anayesoma haraka atasema amejipinga. Yaelekea hakujipinga. Kiungo kilichozoea hakihitaji kusimamiwa tena, na kwa hiyo moyo uliokuwa ukikisimamia umepata faragha. Sifa au lawama imo katika kile ambacho faragha ile hutumiwa.

Wapenzi wa mashairi wana ushahidi wa jambo hili karibu nao. Anayejifunza kutunga huhesabu mizani kwa vidole, nane na nane, akavitafuta vina kama mtu atafutaye sindano katika mchanga. Baada ya miaka, ulimi humletea mshororo uliokwisha kupimwa. Hapo malenga mmoja, akili yake ikiwa imefunguliwa minyororo ya hesabu, huanza kuuliza kama neno alilolipata ni la kweli. Mwingine, kwa ustadi ule ule, hulala. Vina vyake vinalia vizuri, mizani haipungui hata moja, na shairi halina mtu ndani yake. Msikilizaji makini huvitambua viwili hivyo mara moja, ingawa kwenye karatasi vinafanana.

Mfano wa hudhurio juu ya jabali umo katika kisa cha Mmarekani mwingine, Alex Honnold, aliyezaliwa mwaka 1985. Wengi wanajua alilolifanya tarehe 3 Juni 2017: aliikwea El Capitan, jabali la itale lenye kimo cha mita 900 hivi katika bonde la Yosemite, California, peke yake na bila ya kamba yoyote, kwa muda wa saa 3 na dakika 56. Filamu iliyohusu safari hiyo ilitoka mwaka 2018 ikapata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa ameipanda njia ile akiwa na kamba, akirudia vipande vigumu mara nyingi, akiandika daftarini kila kidole kinaingia wapi. Pako mahali, mamia ya mita kutoka ardhini, ambapo kidole gumba hukandamiza mwinuko mdogo mno kisha mguu wa kushoto hurushwa kama teke kwenda kwenye ukuta wa pili. Huko si mahali pa kujiuliza. Alipofika alirusha mguu, nao ukaenda ulikozoea kwenda.

Watu husema hana hofu. Mwaka 2016 alipimwa ubongo katika chuo kikuu cha tiba cha South Carolina, akaonyeshwa picha za kutisha, na ile sehemu iitwayo amigdala, ambayo huamka mtu anapoogopa, haikuonyesha kuamka. Wapo walioitoshelezea habari hiyo wakasema kazaliwa vile. Mwenyewe amesisitiza zaidi miaka mingi ya kuizoea hofu kidogo kidogo. Ama kama ni halali mtu kuiweka roho yake rehani kwa jambo lisilomlisha wala kumvika mtu, hilo ni suala jingine, na marafiki zake waliobeba kamera walililia usingizi. Hapa halina budi kupitwa.

Linalohusu mada hii ni siku ambayo hakukwea. Katika msimu wa majani kupukutika wa mwaka 2016, kabla ya alfajiri, Honnold alianza safari ile ile bila ya kamba. Wapiga picha walikuwa wamekwishajipanga. Wiki chache kabla alikuwa ameumia kifundo cha mguu. Alipofika mahali ambapo jabali limelala kidogo, laini, pasipo cha kushika, ambapo mtu husimama kwa msuguano wa soli ya mpira na imani tu, alihisi kwamba siku hiyo si siku yake. Akashika vyuma vilivyopigiliwa jabalini na wakwezi waliotangulia, akarudi. Hapakuwa na tukio. Hakuteleza, hakupiga kelele. Mtu aliacha njia katikati, mbele ya marafiki waliokesha kwa ajili yake.

Kipo kinachostahiki kutazamwa hapo kuliko lile teke maarufu. Mwili ulikuwa umefundishwa kuendelea. Kila wayo ulikuwa ukiuita wayo uliofuata. Kama mazoea yangekuwa ndiyo mtu mzima, angeendelea. Lakini ndani ya mtu aliyeiachia miguu kazi ya miguu, alibaki mwingine aliye macho, na huyo alikuwa na uwezo wa kusema basi. Ni vigumu kuona jinsi Kant angelilaumu tendo hilo, na ni vigumu pia kuona jinsi lingewezekana kwa mtu ambaye akili yake yote ingali ikihangaika na nyayo.

Ingekuwa rahisi sasa kuwaweka wawili hawa kwenye mizani, mmoja aliyekuwa macho na mmoja aliyesinzia. Itakuwa si haki. Siku ya Honnold ilikuwa siku kubwa, na siku kubwa humwamsha kila mtu. Siku ya Hill ilikuwa asubuhi ya kawaida. Wala faragha iliyopatikana moyoni mwake hakuitumia kwa upuuzi: aliitumia kuzungumza na mwenziwe, jambo ambalo adabu hulitaka. Fundo halikusahauliwa kwa kiburi. Lilisahauliwa kwa sababu mkono uliokatizwa kazini hauna njia ya kujua kwamba umekatizwa. Mwili uliozoea hukumbuka kutenda. Kumbukumbu ya kutotenda hauna. Kwa hiyo aliyelifunga fundo jana na juzi na mtondo hubeba katika mwili wake hisia ya fundo lililofungwa, na hisia hiyo haikumwambia uongo ila siku moja.

Kama ni hivyo, basi jicho la mtu mmoja halitoshi, hata likiwa macho. Ndiyo sababu wakwezi wana desturi ambayo vitabu vya ufundi huipa mistari michache tu, ilhali kwa maadili ina uzito kuliko kurasa nyingi. Kabla ya mguu kuondoka ardhini, wawili waliofungana kwa kamba moja hukaguana. Anayekwea hutazama kama kamba ya mwenziwe imepita ndani ya chombo cha kuishikia, na mshika kamba hulitazama fundo la anayekwea. Desturi hii haiulizi nani mwalimu na nani mwanafunzi. Na hapo ndipo ugumu wake ulipo. Kumuuliza bingwa wa dunia kama amefunga kamba yake kunafanana na kumuuliza nahodha mzee kama anakijua kisiwa chake. Kijana aliyelelewa vizuri hunyamaza. Heshima humfunga mdomo, na mara nyingine heshima hiyo ndiyo inayomwacha mkubwa apande na kamba iliyo wazi. Bingwa naye, akiulizwa na asiyejua hata nusu ya ajuayo, ana mambo mawili ya kuchagua: kuona ametukanwa, au kuinua jaketi ili fundo lionekane.

Hill alirudi kwenye miamba ndani ya miezi michache. Mwaka 1993 akawa mtu wa kwanza kuikwea njia ya El Capitan iitwayo The Nose kwa mikono na miguu tu, kamba ikiwa ya kumlinda na si ya kumvuta. Mwaka 1994 akairudia kwa muda usiotimia siku moja, saa 23. Katika kipande kigumu kuliko vyote, pembe laini ambayo wengi waliihukumu kuwa haikweleki, ilimbidi atafute miondoko ambayo mwili wake haukuwa nayo, ajikunje na kujigeuza katika pembe ile kwa namna ambayo hakuna aliyemfundisha, kisha airudie siku baada ya siku mpaka iwe yake. Mazoea mapya yalijengwa juu ya yale ya zamani, pamoja na lile lililomwangusha.

Desturi ya kukaguana nayo, kwa bahati mbaya, haikusalimika na ugonjwa uliokusudiwa kutibiwa nayo. Hurudiwa, huzoeleka, na siku moja midomo husema tayari huku macho yakiwafuata ndege. Wakwezi waangalifu wanalijua hilo, na ndiyo maana hawaliamini jicho peke yake. Mshika kamba hunyoosha mkono, akalishika fundo la mwenziwe, akalivuta kwa nguvu mara moja. Mwenziwe huyumba kidogo kwa ule mvuto, na kwa kuyumba huko wote wawili huwa wapo pale.